UZI: Kusoma riwaya tulivu za upelelezi wa zamani ukiwa na penseli mkononi

Shangazi_Penseli (mwanzilishi wa uzi)

Wadau hamjambo. Kila baada ya wiki chache anatokea mtu akilalamika kwamba riwaya hizi zinachosha kwa kuwa alimjua muuaji mapema. Wiki inayofuata mwingine analalamika kwamba zinahadaa kwa kuwa hakumjua. Wote wawili wamezisoma kama mtu anayepekua gazeti akisubiri zamu kwa kinyozi. Tuweke hapa namna ya kuzisoma, na wajuzi wa mambo ya kale waongeze.

Nazungumzia aina moja tu. Kuna mauaji, lakini damu haitiririki ukurasani. Anayepeleleza si polisi: ni mkunga, fundi cherehani, karani, au mjane ambaye watu humwambia siri zao bila kujua kwa nini. Washukiwa ni watano hadi wanane, wanajuana, na hawana pa kwenda. Mwishoni ukweli unatajwa mbele ya wote. Tena hadithi imewekwa zamani, 1880, 1911, 1926, na utamu uko kwenye huo mwaka. Kama fumbo lingefumbuliwa vilevile leo, mwandishi amewavika watu makoti ya babu zao tu.

Vifaa ni penseli na karatasi moja ya A4. Ikunje mara mbili upate robo nne. Ikikunjwa hivyo inabaki sentimita 10.5 kwa 14.8, inaingia ndani ya kitabu chochote cha jalada laini na inakuwa kialamisho. Robo ya kwanza ni ya majina, na mbele ya kila jina kazi ya mtu na uhusiano wake na marehemu. Usiandike "mkarimu" wala "mpole". Huo ni uamuzi ambao mwandishi anataka uumeze. Robo ya pili ni ya saa. Ya tatu ni ya vitu: kila kitu kilichotajwa mara mbili kiingie humo. Ya nne ni ya maswali ambayo mtu aliulizwa akajibu mengine.

Robo ya saa ndiyo yenye kazi. Andika saa, nani aliyeitaja, na aliijuaje: alitazama saa ya ukutani, alisikia adhana, alisikia kengele, au aliambiwa? Aliyeambiwa si shahidi wa saa, ni shahidi wa aliyemwambia. Mafumbo mengi mno hukaa katika pengo hilo.

Kitabu cha kurasa 300 kwa kawaida huenda hivi: maiti ipatikane kabla ya ukurasa wa 60, katikati jambo moja lipindue dhana ya mwanzo, shambulio la pili karibu na 190, kikao cha wote kuanzia 255 hivi. Ukiona wahusika wanaalikwa sebuleni mmoja mmoja, funga kitabu. Andika majibu manne: nani, vipi, kwa nini, na kwa nini siku ile. La kwanza watu hulipata kwa kubahatisha wakajipongeza. La nne ndilo mtihani. Mtu amemchukia jirani yake miaka 11. Jumanne hii ilikuwa na nini? Wakili alikuwa anakuja Jumatano kubadili wosia?

Msomaji_wa_Matatu

Shangazi, na sisi tunaosoma kwa simu? Karatasi na penseli kwenye matatu ya Rongai ni sarakasi.

Shangazi_Penseli

Simu haina ubaya, ila ina hatari mbili. Ya kwanza ni kisanduku cha kutafuta neno. Ukiandika jina la mhusika ukaona limejitokeza mara 140 huku wenzake wakiwa na 60, umejifichulia muuaji bila kusoma. Usikitumie mpaka umalize. Ya pili ni ramani ya nyumba iliyo mwanzoni, ambayo kwenye skrini huwa punje tu na watu huiruka. Ipige picha ya skrini, uikuze. Kama mwandishi alihangaika kuchora ngazi ya nyuma, kuna mtu atapita ngazi ya nyuma.

Na usisome kwa vipande vya dakika tano. Sura moja nzima kwa kikao. Sura za riwaya hizi hufunga na swali, na swali hilo hupoa ukilikatiza.

InamaUchague

Kwa wanaonunua vya mtumba pale chini kando ya mitaa ya Tom Mboya na Moi Avenue, Nairobi: kitabu cha upelelezi hakikaguliwi kama vitabu vingine. Anza mwisho. Vitabu vya jalada laini vimegandishwa kwa gundi tu, na gundi ikizeeka karatasi za mwisho huweza kudondoka. Shika kitabu kwa mgongo, kielekeze chini, kitikise taratibu. Kisha tazama namba ya ukurasa wa mwisho na kama sentensi inafungwa kwa nukta. Fanya hivyo kwa jicho moja, usisome! Njia salama ni kufunika ukurasa kwa kiganja na kuacha namba pamoja na mstari wa mwisho peke yake.

Halafu tazama orodha ya wahusika mwanzoni, kama ipo. Kuna watu hawana haya, huzungushia jina la muuaji duara kwa kalamu. Na kama kitabu kilikuwa na ramani, hakikisha haijanyofolewa.

Dawa_ya_Panya

Nije kwenye sumu, kwa sababu ndiko waandishi wa leo wanakochemsha zaidi. Vipimo siviandiki, riwaya nzuri haivihitaji na uzi hauvihitaji.

Arseniki: haina ladha ya kumshtua mtu, na dalili zake hufanana na kuhara na kutapika kwa kipindupindu. Ndiyo maana zamani iliwaficha wauaji. Lakini James Marsh alitangaza kipimo chake mwaka 1836, na tangu hapo arseniki katika maiti iliweza kuonyeshwa mahakamani. Kwa hiyo daktari wa riwaya ya 1890 akisema "hatuna njia ya kujua", ama ni mvivu ama ni mshiriki. Mwandike kwenye robo ya nne. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1851: muuzaji lazima aandike jina la mnunuzi kwenye daftari, na unga uchanganywe na masizi au nili ili usidhaniwe sukari. Dokezo tamu kuliko yote ya zama zile ni hilo: maziwa yenye rangi isiyoeleweka, au daftari la duka lenye ukurasa uliochanwa.

Ukiihamishia hadithi huku kwetu, miaka ya 1910 au 1920, arseniki haihitaji duka la dawa. Ilikuwa kwenye majosho ya ng'ombe, kuua kupe. Kila shamba lenye josho lilikuwa nayo, na daftari la sahihi hakuna. Mwandishi anayejua hili ana washukiwa wengi kuliko mwenzake wa London.

Striknini: ni chungu ajabu, hata kidogo mno huonekana ulimini. Mwandishi akiitumia lazima atueleze kwa nini marehemu hakutema. Dawa ya tumbo iliyo chungu tayari? Sawa. Ndani ya chai ya maziwa na sukari? Hapana, amechemsha.

Sianidi: ile harufu ya lozi chungu ni kweli, ila kuna watu ambao pua zao haziwezi kabisa kuinusa, ni maumbile. Kwa hiyo daktari akisema hakunusa kitu na mpishi akasema alinusa, wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Msikimbilie kumkamata mpishi.

Na mwisho, saa ya kifo. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa mbili hadi nne, hukakamaa wote baada ya saa 12 hivi, kisha hulegea tena. Joto huharakisha, baridi huchelewesha, na usiku wa Nairobi wa Julai si usiku wa Mombasa. Daktari akikupa nafasi ya saa tatu au nne, mwamini. Akikupa dakika 20, mwandishi anaogopa fumbo lake mwenyewe.

KaraniWaReli

Dawa_ya_Panya amefunga mlango wa sumu, mimi niingie kwa saa, pesa na majina. Ukisoma riwaya ya Nairobi ya zamani, hivi ndivyo vya kuupima mwaka:

Reli ilifika hapa 30 Mei 1899. Kabla ya hapo hakuna mji wa kuulia mtu. Makao makuu ya serikali yalihamia hapa kutoka Mombasa mwaka 1905. Nchi iliitwa East Africa Protectorate mpaka 1920, ndipo ikawa koloni la Kenya. Mhusika wa 1909 akisema "sisi huku Kenya" akimaanisha nchi nzima, mkono wa mhariri ulilala. Pesa ilikuwa rupia, 15 kwa pauni moja. Mwaka 1920 ikaja florini, haikukaa, ikaingia shilingi mwaka 1921. Barua ya vitisho ya 1912 inayodai "shilingi mia mbili" ni ama kosa la mwandishi, ama dokezo kwamba barua imeghushiwa baadaye. Hapo ndipo ujue unamsoma nani!

Kipande cha kuvaa shingoni, yaani kitambulisho cha lazima kwa Waafrika: sheria ilipitishwa 1915 lakini ilianza kutekelezwa baada ya vita, 1919 na 1920. Mitaa nayo: Government Road ndiyo Moi Avenue ya leo, Hardinge Street ndiyo Kimathi, Bazaar Street ndiyo Biashara.

Saa ya nchi nayo. Miaka ya 1910 na sehemu kubwa ya 1920 saa ya Nairobi ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa nusu saa. Leo jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi. Toa nusu saa. Shahidi wa 1925 anayedai kumwona mtu "kwa mwanga wa jua" saa kumi na mbili na dakika 40 jioni amesema uongo, hata kama mwandishi mwenyewe hajui.

Treni: Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 530 hivi, na zamani ilikuwa safari ya mchana na usiku. Behewa la chakula halikuwepo miaka ile ya mwanzo. Abiria walishuka kula kwenye bangaloo za stesheni, Voi ikiwa mojawapo. Kwa mpenzi wa mafumbo hicho ni chungu cha asali: watu wote wametoka mabehewani kwa wakati mmoja, gizani, mizigo imebaki peke yake. Lakini simu ya maandishi (telegrafu) hukimbia kuliko treni. Muuaji anayepanda gari moshi akidhani ametoroka atapokelewa na askari. Uingereza walikwisha kuliona hilo mwaka 1845: John Tawell alipanda treni Slough baada ya kuua, ujumbe ukamtangulia stesheni ya Paddington, London. Alikuwa amevaa kama Quaker, muumini wa dhehebu moja la Kikristo, na mtambo wa siku hizo haukuwa na herufi Q, karani akatuma "Kwaker". Mtu alinyongwa kwa herufi K.

Mzee_wa_Kiko

Na alama za vidole, karani? Watu wanazimwaga popote kama chumvi.

KaraniWaReli

Shikamoo mzee. Ofisi ya alama za vidole ya polisi wa London ilifunguliwa 1901, na hukumu ya kwanza ya mauaji kwa alama hizo Uingereza ni ya ndugu wawili Stratton, 1905. Kolkata, India, ilitangulia, 1897, na mpangilio wa alama uliopewa jina la mkubwa wa polisi huko, Henry, ulifanyiwa kazi kubwa na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Faida yake kwa msomaji: hapa East Africa Protectorate mashtaka ya jinai yalifuata sheria za India. Katika riwaya ya Nairobi ya 1906, konstebo aliyetoka India anaweza kuijua kazi hii kuliko inspekta aliyemzidi cheo. Mwandishi mjanja atamwacha anyamaze mpaka sura ya 20.

Eastlando

Kwa radhi yenu wakubwa, mnasoma riwaya au mnasahihisha mtihani? Shilingi au rupia, mtu amekufa, tunataka kujua nani. Halafu kuna jambo linalonikera zaidi ya florini. Utulivu wa nani? Nairobi ya 1922, Machi, polisi wanapiga watu risasi nje ya kituo kwa sababu ya kukamatwa kwa Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, na riwaya inatuandikia biskuti kwenye veranda.

Mama_Kandili

Eastlando amegusa penyewe. Ila tusiitupe aina nzima. Tutazame nani amepewa upelelezi. Mjane wa Kizungu akipeleleza Nairobi ile, anaingia kila veranda lakini haingii Pangani, mtaa wa Waafrika, wala nyuma ya maduka, na kila anachojua ameambiwa na mtumishi ambaye jina lake moja tu linatajwa. Fundi cherehani wa Bazaa hupima viuno vya matajiri na kusikia maskini, anajua nani kanenepa na nani kashonesha suti ya maombolezo kabla ya msiba. Ayah, yaani yaya, anaingia chumba cha kulala. Kila mmoja ana milango yake iliyofungwa, na riwaya nzuri huijengea ploti milango hiyo.

Mwisho wake pia upimwe hapo. Mzungu alihukumiwa na baraza la wazee wa mahakama (jury) la Wazungu wenzake; Mwafrika hakuwa na baraza hilo, hakimu aliketi na washauri tu. Kwa hiyo mpelelezi Mwafrika akimtaja muuaji Mzungu sebuleni, hadithi haijaisha. Mwandishi mwaminifu atakuonyesha analofanya na ukweli ambao mahakama haitaupokea. Asiyeliona swali hilo kabisa ndiye unayemlalamikia.

Eastlando

Hapo tumeelewana, mama.

Mzee_wa_Kiko

Nami niongeze neno la haki kwa msomaji. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliandika amri kumi za mchezo huu. Mbili zinatosha: sumu isiyojulikana duniani ni marufuku, na mpelelezi asiokolewe na sadfa. Waliosoma fasihi shuleni wanaijua sadfa: mambo kukutana kwa bahati tu. Sadfa ya kuanzisha balaa tunaisamehe. Sadfa ya kulitatua ni wizi wa mchana.

Na msidhani Kiswahili hakikuwa na mchezo huu. Hadithi ya Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957-58, kitabu kikatoka 1960. Kiko mdomoni, Unguja, na kufikiri tu.

Shangazi_Penseli

Shikamoo mzee, ahsante. Sasa maneno yamekuwa mengi, tufanye kwa vitendo. Nimeandika kipande cha kubuni, Bazaa, Nairobi, 1911. Kisomeni mara moja, kisha mara ya pili kwa penseli:

*Mwili ulikuwa umeshaondolewa. Juu ya meza palikuwa na wino uliomwagika, kandili ambalo bado lilikuwa likiwaka, na leso ya marehemu iliyokunjwa vizuri kama ya harusini. Inspekta alinyoosha mkono kuichukua leso. Paka mweusi akaruka kutoka rafuni, akamkanyaga begani, akapotelea dirishani, na makonstebo wawili wakashindwa kuzuia kicheko. "Daktari anasema alikufa kabla ya magharibi," Inspekta alisema akijipangusa manyoya. "Na karani amekiri kwamba alitoka humu saa kumi." Akaandika kwenye daftari lake: 10.*

Hakuna jibu la bure.

Msomaji_wa_Matatu

Leso! Nani hukunja leso akifa?

Mama_Kandili

Leso ni chambo. Imewekwa mwisho wa orodha, ikapewa tashbihi ya harusi, hata Inspekta anainyooshea mkono. Kitu kinachopambwa hivyo kimewekwa ukitazame. Ukikuta orodha ya vitu vitatu, tazama cha katikati. Kandili. Kama alikufa kabla ya jua kutua, nani aliliwasha?

InamaUchague

Si lazima. Maduka ya Bazaa yalikuwa membamba na yenye kina, nyuma giza totoro. Mwenye duka huweza kuwasha kandili saa nane mchana.

Mama_Kandili

Paka alitokomea wapi?

InamaUchague

Dirishani. Aisee. Kicheko kimenifanya nilipite dirisha.

Shangazi_Penseli

Ndiyo kazi ya kicheko. Dokezo likitajwa, mara nyingi mwandishi huleta kelele papo hapo: paka, mgeni mlangoni, sahani kuvunjika, mzaha. Ukijikuta unatabasamu, rudi mistari minne nyuma. Kwa hiyo chumba kina mwanga wa mchana, na mtu alikuwa humo baada ya giza kuingia, pamoja na maiti, akitafuta kitu. Bado moja.

KaraniWaReli

10. Karani alisema saa kumi, yaani alasiri, jua likiwa juu. Inspekta anahesabu saa kwa Kiingereza, akasikia "kumi", akaandika 10, akaelewa saa nne za usiku. Sasa anaamini karani mwenyewe amekiri kukaa na maiti kuanzia magharibi mpaka usiku, na kandili linamthibitishia. Atamkamata asiye na hatia kwa makosa ya tarakimu. Na ndiyo maana neno "amekiri" limetumika: karani alikuwa anasema tu, Inspekta ndiye aliyeligeuza kuwa kukiri.

Mzee_wa_Kiko

Safi sana. Hilo ndilo fumbo ambalo haliwezi kuhamishiwa London. Huko saa kumi ni saa kumi.

Dawa_ya_Panya

Pingamizi dogo. Kandili lilikuwa "bado likiwaka", na hatujaambiwa Inspekta alifika lini. Kama ni asubuhi, tangi lilihitaji mafuta ya usiku kucha. Lipimeni: tangi likiwa karibu tupu, liliwashwa jioni. Likiwa limejaa, kuna mtu aliongeza mafuta alfajiri, na huyo hakuwa na haraka.

Msomaji_wa_Matatu

Na utambi? Ukiwa mrefu unatoa moshi, chemni inakuwa nyeusi.

Mama_Kandili

Umeanza kusoma sasa. Chemni safi kwa taa iliyowaka usiku kucha maana yake mtu alikuwepo wa kupunguza utambi. Andika kwenye robo ya tatu.